Tumbo la Hedhi na Ukoo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kwa wasichana wa shule na vyuo vya Mbeya, Iringa na Njombe, na kwa mama zao wanaokuja nao dukani kununua dawa. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na yale yanayomhusu mtu mmoja mmoja. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Maumivu ya hedhi yanatoka wapi hasa?

Yanatoka kwenye msuli wa kizazi. Siku za mwisho kabla ya hedhi homoni ya projesteroni hushuka, na utando wa ndani wa kizazi huanza kubomoka. Unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoufanya msuli wa kizazi ujikaze ili kusukuma damu nje. Zikiwa nyingi, msuli hujikaza kupita kiasi, mishipa ya damu iliyo ndani yake hubanwa, oksijeni hupungua, na hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Prostaglandini hazibaki kwenye kizazi peke yake. Zikiingia kwenye damu huleta kuharisha, kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma na kizunguzungu. Ndiyo maana binti anayetapika siku ya kwanza ya hedhi anaweza kupewa dawa ya taifodi, akapona baada ya siku mbili, kisha mwezi unaofuata ikarudi "taifodi" ileile.

2. Je, maumivu yote ya hedhi ni ya aina moja?

Hapana, yako ya aina mbili. Ya kwanza hayana ugonjwa nyuma yake: kizazi ni kizima, ila prostaglandini ni nyingi. Mara nyingi huanza miezi 6 hadi 12 baada ya kuvunja ungo, mayai yanapoanza kupevuka kila mwezi. Huja na damu au saa chache kabla yake, na huisha ndani ya siku moja hadi tatu.

Aina ya pili inatokana na ugonjwa au hitilafu ya maumbile: endometriosisi (tishu inayofanana na utando wa kizazi kuota nje ya kizazi), adenomayosisi (tishu hiyo kuota ndani ya msuli wa kizazi), uvimbe wa kizazi, maambukizi ya via vya uzazi, au njia ya hedhi iliyoziba. Dalili za kuzitofautisha ziko swali la 17.

3. Ni wanawake wangapi wanaopata maumivu haya?

Tafiti za nchi mbalimbali zimetoa majibu kuanzia asilimia 16 hadi 91, na kwa maumivu makali asilimia 2 hadi 29. Tofauti kubwa namna hiyo inatokana zaidi na swali lenyewe. Ukiuliza "umewahi kuumwa?", karibu darasa zima litanyoosha mkono. Ukiuliza "ulishindwa kwenda shule?", mikono itapungua.

4. Bibi aliumwa, mama aliumwa, na wote walivumilia. Si ndivyo ukoo wetu ulivyo?

Inawezekana kabisa ndivyo ukoo wenu ulivyo. Lakini jambo la ukoo na jambo la kuvumiliwa ni vitu viwili. Presha nayo inatembea kwenye ukoo, na hakuna anayemwambia mama mwenye presha aache dawa kwa sababu bibi naye alikuwa nayo.

Bibi wa Makete alijifunga khanga tumboni, akaikaza, akaenda kwenye shamba la viazi kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Mjukuu wake yuko bwenini, amejikunja kitandani magoti yakigusa kidevu, kidonge kimoja cha Panadol mkononi, na mtihani unaanza saa mbili. Yeye ana njia nyingine. Tukiambiwa kwamba maumivu yapo kwenye familia, tunalichukua kama sababu ya kumuwahi binti. Kwa maoni yetu, neno "kawaida" limewanyamazisha wengi ambao wangetibiwa kwa dawa ya bei ndogo.

5. Ni baridi ya huku ndiyo inaleta?

Hapana. Wasichana wa Kyela kwenye joto wanaumwa, na wa Mafinga kwenye baridi ya Juni na Julai wanaumwa. Kukanyaga sakafu ya baridi au kuoga maji ya baridi hakuharibu kizazi. Lililo kweli ni kwamba joto linapunguza maumivu (swali la 15), kwa hiyo siku za baridi kali mtu anaweza kuhisi ameumwa zaidi.

## Kurithi

6. Kwa hiyo maumivu ya hedhi yanarithiwa?

Kwa sehemu, ndiyo. Katika tafiti nyingi, mwanamke ambaye mama yake au dada yake ana maumivu makali huwa na uwezekano mkubwa zaidi, mara kadhaa, wa kuumwa na yeye. Hilo peke yake halithibitishi kwamba chanzo ni vinasaba (jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi), maana mama na binti pia wanakula sufuria moja na binti hujifunza kwa mama namna ya kuyachukulia maumivu.

Ndipo mapacha wanaposaidia. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile. Wasiofanana wanashirikiana karibu nusu, kama ndugu wa kawaida. Uchunguzi wa mapacha wa Australia uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta wanaofanana wanakaribiana zaidi kwa maumivu, na ukakadiria kwamba zaidi kidogo ya nusu ya tofauti za maumivu ya hedhi kati ya wanawake hao ilitokana na vinasaba. Kwa endometriosisi, tafiti za mapacha zinatoa makadirio ya karibu nusu pia.

7. "Zaidi ya nusu" ina maana nina asilimia 50 ya kuumwa kama mama?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Takwimu ile haihusu mtu mmoja. Inahusu kundi: ukiwachukua wanawake wengi na kujiuliza kwa nini huyu anaumwa sana na yule kidogo, zaidi kidogo ya nusu ya tofauti hizo inaelezwa na vinasaba. Sehemu iliyobaki ni maisha: umri wa kuvunja ungo, wingi wa damu, sigara, msongo wa mawazo, uzazi, na mengine ambayo hayajaelezwa.

Kwa hiyo huwezi kuichukua namba hiyo ukamwambia binti "una hatari ya kiasi hiki". Unachoweza kumwambia ni kwamba yuko upande wenye uwezekano mkubwa zaidi, basi.

8. Ni jeni gani hasa?

Tofauti na selimundu, ambayo inatokana na jeni moja, hakuna "jeni ya tumbo la hedhi" moja. Ni nyingi, na kila moja inachangia kidogo.

Inayotajwa zaidi ni NGF, iliyoko kwenye kromosomu ya 1. Kazi yake ni kutengeneza protini inayosaidia neva za maumivu kukua na kuwa nyepesi kuhisi. Uchunguzi mkubwa wa wanawake wenye asili ya Ulaya uliitaja mwaka 2016, na baadaye tafiti za China na Japani zikaonyesha eneo hilohilo. Mataifa tofauti yakifika mahali pamoja, ushahidi unapata uzito. Eneo jingine liko karibu na jeni za interlukini-1, zinazohusika na uvimbe na joto la mwili.

Maana yake ni kwamba wawili wanaweza kuwa na kiwango kilekile cha prostaglandini, lakini neva za mmoja zikapiga kelele zaidi. Anayesema "wenzako mbona wanatembea?" hajui anaongea na neva za nani.

Neno la tahadhari: tafiti hizi zimefanyika zaidi kwa watu wa Ulaya na Asia Mashariki. Waafrika, ambao ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani, wameshirikishwa kidogo mno. Kuchukua matokeo ya Japani na kuyabandika kwa binti wa Rungwe ni kwenda mbio kuliko ushahidi.

9. Baba anaweza kurithisha wakati yeye hapati hedhi?

Anaweza. Nusu ya vinasaba vyako imetoka kwake, ikiwemo ile ambayo kwake haina kazi ya kuonekana. Kwa hiyo usiishie kwa mama na mama wadogo, muulize shangazi. Bahati nzuri kwetu shangazi ndiye mtu ambaye binti anaweza kumuuliza mambo haya bila kuona haya.

10. Mama yangu hajawahi kuumwa hata siku moja. Mbona mimi naumwa?

Vinasaba huchanganyika upya kwa kila mtoto, upande wa baba nao upo, na mambo ya maisha yana sehemu yake. Ila kama ukoo mzima hauna historia hiyo na maumivu yako yameanza ghafla ukiwa na miaka 20 na kitu, soma swali la 17.

11. Mbali na ukoo, nini kinaongeza hatari?

Kuvunja ungo mapema, hasa kabla ya miaka 12, damu nyingi au inayokaa siku nyingi, sigara, msongo wa mawazo, na kutokuwa umezaa. Umri wa kuvunja ungo nao kwa kiasi kikubwa unarithiwa, kwa hiyo wakati mwingine kilichopita kutoka kwa mama ni umri huo, na maumivu yamefuata nyuma yake.

## Vipimo

12. Naweza kwenda kupima DNA nijue kama nitaumwa, au kama binti yangu ataumwa?

Hakuna kipimo cha vinasaba kinachotumika hospitalini, hapa wala Ulaya, kutabiri maumivu ya hedhi. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya kanda Mbeya, hupima vinasaba kwa mambo kama kumjua mzazi wa mtoto, jinai na utambuzi wa watu, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu. Si mahali pa kupeleka tumbo la hedhi. Akitokea mtu anayekuuzia "kipimo cha jeni za hedhi", weka pesa yako mfukoni.

Kipimo kizuri ulichonacho ni maswali. Muulize mama, dada, bibi, mama mdogo, shangazi: Ulianza kuumwa ukiwa na umri gani? Ulishindwa kufanya kazi? Damu ilikuwa nyingi? Ulichelewa kupata mtoto? Uliwahi kuambiwa una uvimbe, au kufanyiwa upasuaji wa kizazi? Tendo la ndoa lilikuuma? Hili la mwisho binti hawezi kumuuliza mama yake, tunajua. Mwachie shangazi au muuguzi. Bibi aliyesema "nilitolewa kizazi nikiwa kijana" amempa daktari habari kubwa kuliko anavyodhani.

## Tiba, na hofu zake

13. Kama ni ya kurithi, dawa itasaidia kweli?

Ndiyo, na hili ndilo tungependa lisambae bwenini kuliko yote. Kinachorithiwa ni mwelekeo. Maumivu yenyewe bado yanapita kwa prostaglandini, na dawa zipo zinazozuia prostaglandini zisitengenezwe: ibuprofeni, diklofenaki, asidi ya mefenamiki. Zinapatikana kwenye famasi, na baadhi kwenye maduka ya dawa muhimu.

Kosa kubwa ni muda. Wengi humeza wakati wameshalala chini wanalia, prostaglandini zikiwa zimeshatengenezwa. Anza dalili za kwanza zinapojitokeza, au siku moja kabla kama mzunguko wako unatabirika, kisha endelea kumeza kwa kufuata saa zake kwa siku mbili au tatu. Kwa ibuprofeni, msichana mkubwa kwa kawaida hutumia miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, asizidishe 1200 kwa siku bila kuambiwa na mtaalamu. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki. Ni ndugu, zitakuumiza tumbo bila kuongeza nafuu.

Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi, au ujauzito asizitumie bila daktari. Panadol ni salama kwa wengi hao, ila nguvu yake kwa maumivu haya ni ndogo zaidi.

14. Nikizoea dawa, sitakuwa mgumba?

Hapana. Kuzitumia siku mbili tatu kwa mwezi hakuleti ugumba na hakuzoeshi mwili. Kinachoweza kuvuruga uzazi ni ugonjwa uliojificha nyuma ya maumivu, kama endometriosisi, na huo unajificha vizuri zaidi kwa asiyetibiwa.

15. Maji ya moto, tangawizi na mazoezi vinasaidia au ni maneno tu?

Joto linasaidia sana. Jaribio moja la Marekani lilikuta joto la karibu nyuzi 39 likiwekwa tumboni kwa muda mrefu linafanya kazi sawa na ibuprofeni. Chupa ya plastiki ngumu yenye maji ya moto yasiyochemka, iliyozungushiwa khanga, inatosha. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Tangawizi imeonyesha nafuu katika majaribio kadhaa. Mazoezi ya dakika 45 hadi 60, mara tatu kwa wiki au zaidi, hupunguza maumivu kadiri miezi inavyokwenda, na kupanda milima ya huku kwenda shule kwa mwendo wa haraka kunahesabika.

16. Wanasema ni chango, na nikizaa litaisha. Ni kweli?

Kinachoitwa chango mara nyingi ni maumivu haya haya tunayoyaongelea. Tatizo letu na dawa za chango ni kwamba chupa haielezi ndani kuna nini, kiasi gani, na binti hucheleweshwa miezi akiimaliza. Chai ya tangawizi haina shida. Mchanganyiko wa mizizi usiojulikana, hasa wa kuingizwa ukeni, tunasema hapana.

Kuhusu kuzaa: ni kweli wengi hupata nafuu baada ya mtoto wa kwanza, lakini si wote, na maumivu ya ugonjwa yanaweza kurudi. Hata hivyo, kumwambia mwanafunzi wa kidato cha tatu kwamba tiba yake ni ujauzito si ushauri. Kama dawa za swali la 13 hazitoshi, vidonge vya uzazi wa mpango hufanya utando wa kizazi uwe mwembamba na hedhi iwe nyepesi. Ni tiba, hata kwa binti ambaye hajawahi kukutana na mwanaume. Daktari atauliza kwanza kuhusu presha, damu kuganda na kipandauso.

## Hali za pekee

17. Ni lini niende hospitali bila kusubiri?

Dawa ukizitumia vizuri kwa miezi mitatu bila nafuu. Maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, au yanayokuja hata nje ya hedhi. Kuumia wakati wa kwenda haja kubwa au ndogo ukiwa kwenye siku zako. Kuumia wakati wa tendo la ndoa. Damu inayojaza pedi kila saa moja au mbili. Maumivu yaliyoanza ukubwani. Homa na uchafu wenye harufu: hapo nenda leo.

Kama mama au dada aligundulika na endometriosisi, usisubiri hiyo miezi mitatu iishe. Anzia kituo cha afya, na uombe rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda na kitengo chake cha wazazi cha Meta, Iringa kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Nenda na karatasi ya tarehe: siku iliyoanza, siku iliyoisha, dawa uliyomeza, masomo uliyokosa. Karatasi hiyo hufupisha mazungumzo kuliko "naumwa sana dokta".

18. Altrasaundi imeonyesha sina kitu. Maumivu yangu ni ya kichwani?

Hapana. Kwa aina ya kwanza (swali la 2), altrasaundi safi ndilo jibu linalotarajiwa. Na endometriosisi ya juujuu mara nyingi haionekani kwenye altrasaundi. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huo unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kugunduliwa kwake huchukua miaka mingi. Karatasi safi haifuti maumivu. Rudi kama dawa hazifanyi kazi.

19. Kila mwezi naambiwa nina UTI na napewa antibayotiki. Je?

Kama "UTI" inakuja na hedhi na kuondoka nayo, uliza kama mkojo umeoteshwa maabara, yaani umewekwa kuona kama kuna vijidudu vinavyoota. Kama haujaoteshwa, ulizia maumivu ya hedhi kabla ya kumeza antibayotiki nyingine.

20. Binti ana miaka 15, hajapata hedhi, lakini tumbo linamuuma kila mwezi.

Mpeleke hospitali wiki hii. Huenda damu inatoka kwenye kizazi lakini njia imeziba, mara nyingi kwa ngozi ya ukeni iliyozaliwa bila tundu. Hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Hakuna aliyemroga na hakuna alichokosea.

21. Nina selimundu. Nitumie dawa hizohizo?

Usizitumie kwa mazoea. Selimundu huigusa figo, na dawa hizi pia. Baadhi ya wagonjwa hupata mashambulizi ya maumivu wakati wa hedhi, kwa hiyo weka tarehe zote mbili kwenye kadi yako na umwonyeshe daktari wa kliniki. Kuna njia za kupunguza hedhi ambazo zinawafaa wenye selimundu.

22. Nimelelewa na mama wa kambo, sijui historia ya ukoo wangu.

Hupotezi tiba yoyote. Historia ya familia humsaidia daktari kushuku mapema, lakini dawa na vipimo vinaamuliwa na dalili zako mwenyewe. Sema tu "sijui". Ni jibu kamili.

23. Dada yangu amegundulika na endometriosisi. Mimi siumwi. Nifanyiwe upasuaji wa kuangalia?

Hapana. Upasuaji wa kuchungulia tumbo kwa kamera una hatari zake, na haufanywi kwa mtu asiye na dalili kwa sababu tu ya ndugu. Fuatilia hedhi yako, jua dalili za swali la 17, na siku utakapokwenda kliniki kwa jambo lolote la uzazi, mtaje dada yako mapema kwenye maelezo.